Ugomvi wa Venansio na Machipukizi

"Mchelewa kupanda hugombana na machipukizi." Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia Gaudensi jana mezani. Nyote mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maana yake nini na nani aliyeanza kuisema. Gaudensi alikuwa anatueleza kwamba amefeli hesabu kwa sababu vijana wa bweni lake wanaongea sana. Hakutueleza kwamba kitabu cha hesabu alikifungua wiki ya mtihani. Basi kaeni, na mikono iendelee kupukuchua, maana mahindi haya hayatajipukuchua yenyewe. Methali hiyo ilianzia kwa watu wetu, tena ilianza hivi.

Mzee Venansio alikuwa kaka mkubwa wa babu yangu. Aliishi Nyambila, huko kwetu nyanda za juu za Iringa, pamoja na mkewe Ortensia na watoto wao. Hakuwa mvivu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisimulia kisa hiki hupenda kumfanya mlevi wa kulala njiani, nao wanakosea. Mvivu ungemwelewa. Venansio aliamka kabla ya jogoo, akafanya kazi mpaka jua linazama, na bado nyumba yake ikakosa ugali. Hilo ndilo linalokera.

Kazi aliyoipenda ilikuwa kugema ulanzi, ile pombe ya kwetu. Ninyi mmekulia mjini, ulanzi mnauona ukiwa tayari kwenye ndoo. Unatoka kwenye mwanzi. Mvua za kwanza zikinyesha, mianzi huchipua. Mgema hukata ncha ya chipukizi, akaning'iniza hapo mbeta, yaani kopo lililochongwa kwa kipande cha mwanzi, na maji matamu yakadondoka humo. Asubuhi na jioni lazima apite akwangue kile kidonda kwa kisu, la sivyo kinakauka na ulanzi unakatika. Sasa tazameni balaa lilipo. Mvua inayoamsha mianzi ndiyo hiyo hiyo ya kupandia mahindi. Huko kwetu msimu wa mvua ni mmoja kwa mwaka. Ukianza, unapanda. Ukiisha, umeisha, na mahindi ambayo hayajajaza punje yanakufa kwa kiu yakiwa yamesimama.

Watu wengine wa Nyambila walikuwa na mianzi pia. Walipanda kwanza, kisha wakaenda kugema wakiwa na udongo kwenye kucha. Venansio alisema mwanzi hausubiri.

"Na mvua je, yenyewe inasubiri?" Ortensia alimuuliza.

"Mvua itanyesha mpaka uichoke, mama Desderi. Haraka ya nini?"

Mnauliza kwa nini Ortensia hakuchukua jembe akapanda mwenyewe. Nami niliuliza hivyo nilipokuwa na umri wenu. Nyumba ile ilikuwa na mwiko. Mbegu ziliwekwa kwenye kichanja juu ya moto wa jikoni ili moshi uzikinge na wadudu, na aliyeruhusiwa kuzishusha ni mwenye nyumba peke yake. Mke akipanda kabla mume hajashusha mbegu, ilisemekana kwamba amemzika angali hai. Kwa hiyo Ortensia alilima shamba, akachoma magugu, akatia samadi, kisha akakaa. Mvua ikanyesha juu ya udongo mtupu, na mbegu ziko juu ya kichwa chake kila anapokoroga mboga. Nikilifikiria jambo hilo hata leo kichwa kinaniuma.

Venansio alishusha mbegu Noeli ikiwa imepita na mwaka mpya umeingia. Mvua ilipokatika, mahindi ya majirani yalikuwa yamejaza. Ya kwake ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, yale maua ya kileleni. Wakavuna magunzi yenye punje mojamoja, kama kinywa cha kibogoyo.

Mwaka ule Ortensia alijitwika tenga akaenda kuhemea. Kuhemea ni kwenda kutafuta chakula kwa watu waliovuna. Unafika, unasalimia, unakaa, na hakuna anayekuuliza kilichokuleta kwa sababu tenga limeshasema. Alikwenda kwa kaka yake, Kastori, aliyeishi ng'ambo ya bonde. Alipewa mahindi, akashukuru, akarudi.

Venansio, wakati mkewe yuko njiani na mzigo, alikuwa anatafuta sababu ya shamba lake kushindwa. Aliitafuta kila mahali isipokuwa pale ilipokuwa. Mwishoni akaipata, na akaishikilia kama mtu aliyeokota ng'ombe.

Mnajua kwamba mahindi hutoa machipukizi. Chini ya shina, karibu na udongo, huota vijimea vya pembeni, na mama mtu akiwa na afya vinaweza kuwa virefu. Venansio alikuwa ameviona vichache kwenye shamba lake, akavipigia hesabu kwa akili ya mgema.

"Hawa ndio wezi," alimwambia mkewe. "Mimi nayajua machipukizi, ni kazi yangu. Ukilikata la mwanzi unaona maji yanavyomwagika. Maji hayo limeyatoa wapi? Kwa mama yake. Na haya ya mahindi ni vivyo hivyo. Yananyonya, mama anakonda."

"Ya majirani yanayo mengi kuliko ya kwetu," alisema Ortensia, "na wamevuna."

"Wangeyang'oa wangevuna mara mbili."

"Baba Desderi, wao walipanda lini?"

"Unaona? Nakueleza habari ya wizi, unaniuliza habari ya kupanda."

Mtu wa namna hii utamjibu nini? Ortensia akaenda kutwanga.

Msimu uliofuata Venansio aligema kama kawaida, akapanda kwa kuchelewa kama kawaida, ila safari hii alikuwa na dawa. Wakati wa palizi aliwaingiza watoto wote shambani, na haikuwa kwa ajili ya palizi. Waliinama mstari kwa mstari wakitafuta machipukizi. Yalikuwa machache, maana mahindi yaliyochelewa hayana nguvu ya kuchipua pembeni, kwa hiyo kila walipoona hata jani linaloelekea upande waling'oa. Waling'oa kwa kuvuta, mashina yakatikisika, mizizi ikalegea, na mengine yakaegemea upande hadi mwisho. Magugu, ambayo ndiyo hasa yanayonyonya, yaliachwa yastawi.

Nilisoma kilimo chuoni, kwa hiyo hili sitalipitia haraka. Chipukizi hutoka pale mmea unapopata nafasi na nguvu ya ziada. Lina majani yake, na majani hayo yanatengeneza chakula. Mara nyingi halipunguzi mavuno kwa kiasi cha kukufanya uinamishe mgongo. Ukiling'oa unafungua kidonda. Lakini mahindi yakikosa maji wakati wa kujaza punje, hakuna utakachong'oa kikayaokoa. Venansio angeweza kuelezwa hayo na mtu yeyote aliyekuwa na kihenge kilichojaa pale kijijini. Walimweleza. Aliwajibu kwamba wanamwonea wivu kwa kugundua kitu.

Mavuno yakawa mabaya kuliko ya mwaka uliotangulia. Ortensia akajitwika tenga tena. Kastori akampa tena. Wakati wa kumfungia mzigo, mke wa Kastori, aliyeitwa Imakulata, alimwambia, "Wifi, mahindi yapo, na hapa ni kwenu. Ila safari nyingine aje mwenyewe anayekula tonge kubwa."

Imakulata hakuwa mtu mbaya. Alisema kweli, na kweli ya wifi inachoma kuliko ya jirani. Ortensia aliomba tu mahindi machache ya mbegu juu ya yale ya kula, akapewa, akalivuka bonde zima bila kupumzika. Njiani aliamua kwamba katika mlango ule hataingia tena kama mwombaji. Ataingia kama dada wa mtu au hataingia kabisa.

Mvua za msimu wa tatu zilipoanza, Venansio alichukua kisu chake na mbeta zake akaenda kwenye mianzi. Ortensia alichukua jembe. Mbegu za mumewe hakuzigusa. Alichukua zile za kwa kaka yake, akaingia kwenye kipande kidogo cha shamba, kile cha ng'ambo ya njia, akaanza kupanda. Alikuwa mstari wa mwisho Venansio aliporudi, mbeta zimening'inia begani.

"Mama Desderi, unafanya nini?"

"Napanda mahindi."

"Mbegu nani amezishusha?"

"Zako ziko juu, nenda kahesabu. Hizi zimetoka kwa Kastori."

Venansio akatua mbeta chini. "Kwa hiyo umenizika."

"Kama nimekuzika, marehemu anakula sana," alisema Ortensia, akaendelea kufukia. "Nimebeba tenga miaka miwili. Shingo ni yangu, na aibu ni yangu. Wewe unabaki hapa kukwangua mianzi."

"Mimi natafuta dawa ya shamba hili. Wewe unavunja nyumba."

"Basi tusigombane. Kipande hiki ni changu. Pale pote ni pako, panda unapotaka, ng'oa unachotaka. Chakula kikiisha kabla ya mavuno mengine, aliyeshindwa na shamba lake ndiye atakayekwenda kuhemea."

Venansio alicheka. Alitazama kile kipande kilivyokuwa kidogo, akatazama shamba lake lilivyopanuka mpaka kwenye miti. "Nimekubali," alisema. "Kaka yako msalimie mapema."

Akashusha mbegu zake mwaka mpya umeshachakaa. Wakati anapanda, mahindi ya Ortensia yalikuwa yamefika gotini, yana kijani kizito, na chini ya karibu kila shina kuna machipukizi. Venansio alipoyaona alifurahi. Aliwaita watu waliokuwa wanapita njiani.

"Tazameni. Kila mmoja ananyonyesha watoto. Mtaniambia mtakapovuna humu."

Jirani mmoja alimuuliza kama amepata nafasi ya kupalilia kwake.

"Palizi si kitu. Kitu ni hawa."

Kila asubuhi, akitoka kwenye mianzi, alisimama mpakani na kumsihi mkewe amruhusu ang'oe japo mstari mmoja. Ortensia alimjibu kwa kumkabidhi jembe, naye akaenda zake. Shambani kwake mwenyewe alipita na kisu cha kugemea akitafuta machipukizi, na alipokosa alikasirika, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa vita na adui hakuja.

Mvua ikakatika wakati wake, kama inavyokatika tangu dunia iumbwe. Kwa Ortensia mahindi yalikuwa yamejaza. Mashina mengi yalikuwa na mahindi mawili, na hata baadhi ya machipukizi yalikuwa yamejaribu, yakabeba kihindi kidogo cha kuchekesha, chenye punje lakini. Kwa Venansio majani yalijikunja, mbelewele zikakauka, na mashina yakasimama safi kabisa, hayana chipukizi hata moja, wala hayana chakula.

Mnadhani alikiri? Siku ya kuvuna alisimama katikati ya njia, akatazama upande wa mkewe, akatazama wake, akasema, "Nimeelewa sasa. Ya kwako yamevuka njia. Machipukizi yako yamepitisha mizizi chini, yamenyonya ya kwangu."

Majirani waliokuja kusaidia kuvuna waliinama wakajifanya wanafunga mafungu. Ortensia aliniambia mwenyewe, akiwa bibi kizee anachambua maharage, kwamba siku ile ndiyo siku pekee aliyofikiria kweli kurudi kwao. "Njaa nilikuwa nimeizoea," alisema. "Ila mtu anayeitetea njaa yake, huyo alikuwa amenichosha."

Hakurudi kwao. Alimlisha Venansio kutoka kwenye kile kipande, pamoja na watoto, akipima kwa kibaba na kufunga kihenge, mbegu zikiwa zimeshatundikwa kichanjani. Kipande kilikuwa kidogo mno kwa nyumba nzima. Kabla mvua hazijarudi, mkono wake uligusa sakafu ya kihenge. Siku hiyo alilichukua tenga, akaliweka miguuni pa mumewe, akasema, "Tulikubaliana."

Venansio akaenda. Mpeni haki yake katika hilo, alienda. Alivuka bonde na tenga tupu. Alikuwa bado mbali na mji wa Kastori mvua ya kwanza ilipomkuta. Akafika amelowa, akawakuta wote shambani, Kastori anachimba mashimo, Imakulata anatupia mbegu, watoto wanafukia.

"Kamwene," alisalimia.

"Kamwene, shemeji," alijibu Imakulata bila kusimama. "Kaa hapo kwenye gogo. Tunamaliza mstari."

Walimaliza mstari ule, wakaanza mwingine, wakaumaliza nao. Venansio alikaa na tenga lake. Hatimaye Kastori alikuja akiegemea jembe.

"Dada yangu mzima?"

"Mzima."

"Na shamba limekuwaje?"

"Machipukizi, shemeji," alisema Venansio, na hapo akachangamka. Akaeleza habari ya mwanzi na maji yake, ya mama anayekonda, ya kung'oa kwa mkono na kung'oa kwa kisu. Akaeleza jinsi machipukizi ya mkewe yalivyovuka njia. Alieleza vizuri. Alikuwa na mifano.

Kastori alisubiri amalize. "Ulipanda lini?"

"Nimekuambia, yalivuka njia, na mizizi ya..."

"Nimesikia ya mizizi. Mbegu uliziweka ardhini lini?"

Venansio alitazama mikono yake. "Ulanzi ulipotulia kidogo."

"Na dada yangu?"

"Yeye alipanda na mvua."

Hapo Imakulata aliuweka ungo wa mbegu kiunoni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ya kupanda alikuwa na machache zaidi.

"Shemeji," alisema, "mchelewa kupanda hugombana na machipukizi."

Watoto walicheka. Kastori aligeuka akajifanya anakohoa. Venansio alifungua mdomo kujibu, ila Imakulata hakuwa amemaliza.

"Mahindi utapewa, na tenga lako litajaa. Lakini sikiliza mvua hii. Unadhani imeishia kwetu? Inanyesha Nyambila pia. Mbegu zako ziko kwenye kichanja, mkeo anaziangalia, na mwenye kuzishusha amekaa hapa kwenye gogo langu ananieleza habari za mizizi."

Venansio alijaziwa tenga, akakataa kula, akakataa kulala, akalivuka bonde matope yakimfika kwenye vifundo. Alipofika kwake hakutua hata kusalimia. Aliingia jikoni na tope lake, akapanda juu ya kinu, akazishusha mbegu, akamwekea Ortensia mikononi.

"Tuanzie wapi?" aliuliza.

"Popote," alisema Ortensia. "Kote kumelimwa."

Walipanda mpaka shamba likaisha. Mianzi iliyokauka vidonda katika siku hizo ikakauka, na iliyobaki akaigema jioni baada ya jembe, kama wanaume wengine wote. Mwaka ule kihenge kilijaa, na kingine kikajengwa pembeni. Ortensia alikwenda kwa kaka yake baada ya mavuno, amevaa kitenge kipya, amebeba kuku, akaingia kwenye mlango ule kama dada wa mtu.

Na sasa mtataka niseme kwamba Venansio alikuja kuelewa habari ya machipukizi. Hakuelewa. Yalipoota mengi kwenye shamba lake lililopandwa mapema, alipita akiyang'oa, akinung'unika kuhusu wezi, na aliendelea hivyo mpaka uzee. Mashina mengine aliyaumiza, mengine yalinusurika. Ortensia alimwacha. Alisema mtu akishapanda kwa wakati ana ruhusa ya ujinga mmoja mdogo.

Neno la Imakulata ndilo lililokwenda mbali. Watoto wake walilipeleka kisimani, wakwe wakalipeleka harusini, na kabla Venansio hajafa alikuwa ameshawahi kulisikia likisemwa kwenye kilabu cha ulanzi na watu wasiomjua, wakimsema fundi aliyechelewesha paa kisha akailaumu misumari. Wanasema alikunywa, akaitikia kwa kichwa.

Machipukizi yapo katika kila shamba, na mabweni yote yana watu wanaoongea. Waliopanda na mvua walikuwa nayo mengi kuliko wote, na hawakuwa na muda wa kugombana nayo. Ndiyo maana ukimwona mtu anapigana na kijimea cha pembeni kwa hasira namna ile, usimuulize kijimea kimemfanya nini. Muulize alipanda lini. Mchelewa kupanda hugombana na machipukizi.